Kiraka Nilichokificha kwa Skafu

Kiraka cha kwanza kilitokea chini ya sikio langu la kushoto, kidogo kama kifungo cha shati. Kiliwasha. Nilidhani ni mkufu niliovaa Pasaka, nikauvua, nikasahau. Muda si muda kikawa mduara. Kwenye ngozi nyeusi kama yangu hakikuwa chekundu kama picha za kwenye simu. Kilikuwa na rangi ya kahawia iliyofifia, ukingo umeinuka na kutoa magamba, na katikati ngozi ilikaribia kuwa ya kawaida.

Mtu mwingine angeenda duka la dawa kuuliza. Mimi nilimkumbuka kaka yangu. Yeye pia alianza na ngozi, akaficha, akaficha, mpaka tukamzika nyumbani Mabanga, kule Bungoma, ilhali vidonge vya ARV vya kumsaidia vilikuwepo. Kwa hiyo niliamini nimeshajua langu. Nikaanza kuvaa skafu katika shule ninayofundisha Kitale. Asubuhi za Kitale zina baridi, hakuna aliyeniuliza.

Jirani aliniazima krimu aliyompaka mtoto wake alipotokwa na vipele. Muwasho ukatulia, nikafurahi. Kisha ule ukingo ukafifia, mduara ukapoteza umbo lake na kuanza kutambaa kuelekea begani. Hapo ndipo nilipoogopa hasa.

Mume wangu ni mtu wa maneno machache. Wazazi wake walitoka Kenya ya Kati wakanunua shamba Trans-Nzoia, na yeye amezaliwa huku. Jioni moja tulipokuwa tukila, alikunja mkono wa shati lake. Kwenye msuli palikuwa na mduara.

"Hii umeiona?"

"Nimeiona."

"Toa hiyo skafu."

Nikaitoa. Aliniangalia shingo kwa muda mrefu.

"Ulienda wapi, wewe?"

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Sijaenda mahali."

"Si ulikaa Bungoma likizo yote."

"Nilikuwa kwa mama."

"Kwa mama," alirudia, akasukuma sahani kando. Usiku huo alilala chumba cha wageni, na siku zilizofuata tuliongea kuhusu bili za maji na stima tu.

Jumamosi nilienda kwa mama yangu. Nilimkuta zizini anakamua, mikono ya sweta imekunjwa. Alipoinua ndoo nikaona kwenye mkono wake miduara miwili iliyogusana. Likizo ile tulilala kitanda kimoja, tukajifunika leso moja. Mimi ni mwalimu, najua ule ugonjwa niliouogopa hauambukizwi kwa leso. Siku ile kujua huko hakukunisaidia kitu.

"Mayi, hiyo ni nini kwa mkono?"

"Ni choa tu. Inawasha. Nimepaka majivu."

"Twende hospitali."

"Ati hospitali? Ya choa?"

Nikaanza kulia, nikamwambia yote: skafu, kaka, chumba cha wageni. Alinawa mikono, akachukua mkoba wake, akafunga mlango.

Daktari tuliyemkuta mjini Bungoma alikuwa mwanamke mpole, asiye na haraka. Alinigeuza kuelekea dirishani, akauliza nimepaka nini. Nikampa ile tyubu ya krimu ya jirani.

"Hii inatuliza aleji," alisema. "Ukiipaka juu ya kuvu, inaficha sura yake, na kuvu yenyewe inaendelea kuenea. Mama yako hajaipaka, ndiyo maana yake bado inaonekana vizuri. Ona ukingo huu."

Alikwangua magamba kutoka kwa ukingo huo, akayaweka kwenye kipande cha kioo ili yaangaliwe maabara. Kisha akauliza, "Nyumbani kuna mnyama mwenye mabaka?"

"Ndama," mama alisema. "Kando ya macho, kama mtu amempaka unga."

Ndama yule nilikuwa nikimshika kila asubuhi ya likizo mama akikamua, kichwa chake kimeegemea shingo yangu.

Bado sikutulia. "Daktari, nataka kupimwa damu pia."

"Tutakupima. Ni vizuri kila mtu ajue hali yake. Lakini kiraka hiki peke yake hakiniambii uko na ugonjwa huo."

Tulingoja kwenye benchi, mama amenishika kidole kimoja tu, kama nilivyomshika yeye nikiwa mdogo. Damu ilikuwa salama. Maabara iliona kuvu. Daktari alituandikia krimu nyingine, akatuambia tuipake mpaka nje ya ukingo, wala tusiache mara tu kiraka kinapopotea. Kila mtu awe na taulo yake. Ingekuwa kichwani, na nywele zinakatika, alisema, krimu isingetosha, tungehitaji vidonge. Mume wangu naye aonwe, na ndama atafutiwe daktari wa mifugo.

Nilimpigia mume wangu simu nikiwa langoni.

"Ni ndama," nilisema.

"Ndama gani?"

Nikamweleza.

"Nitaenda kuonwa Jumatatu," akasema.

Alienda, akaambiwa yale yale. Alirudi chumbani kwetu bila kuomba radhi, na mimi nilikaa na hasira kwa muda. Viraka vilikuwa vimeshapona aliposema, tukiwa tunaambua mahindi, "Nilikufikiria vibaya."

"Hata mimi nilijifikiria vibaya," nikamjibu.

Shingoni nimebaki na kivuli cheusi kinachofifia polepole. Ndama amepona. Mama nilimnunulia glavu za kukamulia, na majirani zake wananiambia huzivaa nikiwa nimeenda kumtembelea tu.