Fundi aliniambia gari nilitie choki, nikalitia kweli

Wakuu, salamu kwenu. Naanza na upumbavu wangu kabla hamjausikia kwa wengine: nilisaga choki tatu za ubaoni nikazimimina kwenye tangi la petroli. Ni kweli tupu. Bibi yangu ni shahidi, ingawa siku hiyo alikuwa haoni.

Na hapo ndipo penye habari.

Sisi ni wa Mbulumbulu, kijijini. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari wa macho walikuja Karatu mjini wiki moja tu, na sisi tulibakiwa na siku ya mwisho. Ukiikosa, subiri mwakani.

Asubuhi ukungu mzito. Mama anamvalisha bibi, akanituma niwashe pikapu ya marehemu babu ipate moto. Gari la zamani, la kabureta, siyo haya ya watalii.

Nikapiga stata. Kikohozi tu.

Fundi Tluway, jirani yetu, akapita na baiskeli. Hata hakusimama: "Baridi hiyo, dogo! Itie choki!"

Wakuu, mimi niko form two. Choki ninayoijua ni ya ubaoni. Na mfukoni nilikuwa nazo, nilizichomoa darasani za kurushia wenzangu. (Msinihukumu, na nyie mlisoma.)

Nikatwanga, nikamimina, nikapiga stata tena na tena. Ikakohoa, kisha kimya.

Mama akatoka amemshika bibi mkono. Bibi kavaa kitenge chake cha kanisani. "Mbona sisikii gari?"

Hapo utani wote uliniisha.

Nikamkimbilia fundi, nikamrudisha. Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa kwenye matope. Halafu akamwona bibi kasimama pale pale, anasubiri. Akainuka, akatoa spana.

Tukamwaga petroli yote, tukasuuza tangi. Akafungua bakuli la kabureta: uji mweupe. Jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, kimeziba. Nikachukua waya nizibue, akanichapa mkono.

"Utakipanua, gari linywe kama mlevi!"

Tukakipuliza kwa pampu ya baiskeli yake.

Na choki yenyewe? Ni kibati kinachobana hewa kwenye kabureta injini ikiwa baridi. Waya wake ulikuwa umekatika, ndiyo maana gari liligoma tangu mwanzo. Fundi akatia petroli ya kidumu chake, akakibana kibati kwa kidole. Ikanguruma!

Kule Karatu bibi alikuwa wa mwisho kwenye foleni ya madaktari. Ila aliingia, akapasuliwa.

Funzo: neno la fundi usipolielewa, mfukuzie baiskeli umuulize. Na nyie wa magari ya kabureta, mwagikeni hapa, mliwahi kuelewa nini ndivyo sivyo?

Mama siku nzima hakunisemesha. Kesho yake bandeji zikatolewa, bibi akanitazama, akasema nimekonda. Ndipo mama akafungua mdomo:

"Mwalimu akiuliza choki zake, mwambie gari letu limeanza darasa la kwanza. Na wewe utakaa nalo dawati moja."