Ndege Niliyomsimulia Mama

Mimi si mpiga picha. Nalisema mapema, kwa sababu hapa Kisangani ukionekana na kamera shingoni unaitwa harusini. Kazi yangu ni kutengeneza friji. Picha ni ugonjwa wangu wa Jumapili: wadudu wa uani, nyota umeme ukikatika, na kuliko vyote ndege za zamani, zile za mapanga yanayozunguka mbele ya mabawa, zinazoingia uwanja wetu wa Bangboka zikikohoa. Wengine wana pombe yao. Mimi nina mabati ya kuruka, ndivyo mama yangu alivyoyaita.

Kupiga picha uwanja wa ndege ni kujitafutia matatizo, kwa hiyo nilikuwa nasimama mbali kidogo, kwenye shamba la mihogo la shemeji yangu, pale ndege zinaposhuka chini kabisa kabla ya kutua. Kamera naificha ndani ya mfuko, chini ya pondu, yale majani ya mihogo ya mboga. Pikipiki ikipita tu barabarani, nachutama. Mtu mzima na watoto wangu, nimejibanza kwenye mihogo kama naiiba. Lakini ndege ikitokea juu ya msitu, imeinamisha bawa, rangi imebabuka, nasahau hata nimeacha nini nyumbani.

Nikirudi nakaa na mama barazani. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha zamani. Liliharibiwa na matone aliyowekewa na jirani mwenye moyo mzuri kuliko akili. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na ukungu ulikuwa unazidi. Picha zangu alikuwa hazioni tena. Basi nikawa namsimulia. Naikuza picha kwenye simu mpaka misumari inahesabika, namwambia: mama, hii imezaliwa kabla yangu. Hii wameibandika kiraka chini ya mlango, tena rangi haifanani. Injini yake ya kulia inavuja mafuta, mstari mweusi hadi nyuma ya bawa. Najisifu, utafikiri niliiunda mimi. Mama anasikiliza huku akichambua mchele kwa vidole, anasema, "Ehe, na kisha?"

Halafu ikaja habari kwamba madaktari wa macho wamefika mji wa Isiro, kwenye hospitali moja kule, na hawatakaa sana. Nesi aliyempima mama hakuzungusha maneno: jicho hili likiachwa mpaka msimu mwingine, litafuata lenzake. Njia ya Isiro wakati wa mvua sitaki hata kuizungumzia. Malori yanakwama matopeni mpaka abiria wanajenga vibanda. Ndege ilikuwa moja tu wiki ile. Sikuhitaji kuelezwa ni ipi.

"Ni ndege gani?" mama akauliza.

Nikamwambia ni ndege tu, ya kawaida.

"Ile ya kiraka?"

Nikainama kutafuta bisibisi yangu.

"Ile ya kiraka, inayovuja mafuta?"

"Mama, inaruka kila wiki."

"Wewe umeshaipanda?"

"Bado."

"Na nyingine yoyote?"

Sijawahi kupanda ndege maishani mwangu, na yeye alilijua hilo vizuri, alitaka tu nilitamke.

"Basi unazipenda kwa mbali, kama wanaume mnavyopenda," akasema. "Mimi siendi. Afadhali kipofu kitandani kwangu kuliko maiti msituni."

Nilikasirika, mimi hasira zangu ziko karibu. Nikamwambia ana kichwa kigumu, nikamwambia mengine ambayo mtoto hamwambii mama yake, nikaenda kwenye friji ya watu nikaitoboa bomba kwa haraka zangu. Siku zote zile nilikuwa hivyo. Mchana namsukuma aende. Usiku, nikijilaza, namwomba Mungu aendelee kukataa. Akienda ndege ikaanguka, nimemuua. Akibaki, nimempofusha. Na hofu yake yote nilimtilia mimi, msumari kwa msumari. Mdomo uliponza kichwa, wanasema, ila hapa kichwa kilikuwa cha mama.

Kilichomgeuza si maneno yangu. Asubuhi moja alijimiminia chai ya moto mkononi badala ya kikombeni. Hakulia. Alikaa, mkono ndani ya beseni la maji, akamwambia mke wangu aniite.

"Nitakwenda," akasema. "Lakini tunakwenda wote wawili. Umelikoroga mwenyewe, utalinywa."

Siku ya safari niliingia Bangboka kwa mlango, kama mtu, bila kamera. Nilimuuliza bwana mmoja wa mizigo kuhusu yale mafuta, kwa sauti ya chini ili mama asisikie. Akatazama injini, akanitazama mimi. "Papa, iko vile siku zote. Bon, mupande." Eti hiyo ndiyo faraja yangu.

Kiraka kilikuwa palepale. Kwa karibu kilikuwa kikubwa zaidi, na misumari yake haikwenda mstari mmoja. Kwenye ngazi mama alisimama akauliza kiko wapi. Nikauchukua mkono wake ulioungua, vidole vikitokeza kwenye bandeji, nikauweka juu ya kiraka. Akakipapasa taratibu, pembe hadi pembe, watu nyuma yetu wakinung'unika. Kisha akasema bismillahi, akapanda.

Tulikaa upande wa kulia, mimi dirishani. Tulipoacha ardhi niling'ang'ania kiti cha mbele. Mama akanishika mkono. "Nisimulie," akasema.

Nikasimulia. Msitu, mama, msitu mtupu, mbichi, umejaa mpaka mwisho wa macho. Sasa naona moshi, watu wanachoma shamba. Ule pale mto Aruwimi, maji yake ya rangi ya chai. Na muda wote ule nilikuwa nautazama mstari mweusi kwenye injini, ukitambaa nyuma, ukipata matawi. Wakati nauona kutoka mihogoni niliupenda. Sasa nilitamani kuufuta kwa shati langu.

"Na mafuta?" mama akauliza.

"Yametulia."

"Mbona mkono wako umelowa?"

"Joto, mama."

Akaguna. Tukaingia kwenye wingu, ndege ikaanza kutupwa huku na huku, mapanga yakabadilisha sauti. Mama mmoja nyuma yetu akaomba kwa Yesu kwa Lingala, mama yangu akasoma dua kwa Kiarabu, na mimi nikafumba macho tu kwa woga. Niliogopa vibaya. Nilitaka kulia na nilikuwa na umri wa kuona aibu. Tulipogusa ardhi ya Isiro, mama ndiye aliyenifungulia mkanda, kwa kupapasa.

Nilidhani hofu imekwisha. Lakini walipomwingiza kwenye upasuaji nilikaa nje kwenye benchi, nikakumbuka kwamba jicho ni hilo moja, halina akiba, na kisu kikiteleza hakuna wa kumrudishia. Chakula kilinishinda. Nilimpigia mke wangu simu, ikaita mara moja, nikakata.

Kesho yake nesi alimkalisha mama kitandani akamtoa bandeji ya jicho. Mama akapepesa. Machozi yakamtoka kwa sababu ya mwanga. Akatazama ukuta, akatazama mikono yake. Nikamuuliza kama anaona. Akanigeukia, akanikazia jicho, kisha akanyoosha mkono akanishika kidevu.

"Ndevu zote nyeupe," akasema. "Nani amekuzeesha hivi, mwanangu, na mimi nikiwa palepale nyumbani?"

Nikainama anishike vizuri, machozi yake yakazidi. Nesi akanisukuma nitoke nje, akasema nisimlize mgonjwa, jicho bado bichi.