Bango la Nchi ya Wanaume

Fulana mpya ina harufu yake, harufu ya wino na ya kitambaa kilichofungiwa siku nyingi kwenye mfuko wa nailoni. Wiki iliyopita harufu hiyo ilijaa sebuleni kwangu hapa Mwanza. Kijana mmoja wa umoja wetu wa wazaliwa wa nyumbani aliniletea fulana ya kuvaa kwenye mkutano. Kifuani, kwa herufi nyekundu, ilikuwa imeandikwa NCHI YA WANAUME.

"Dada Ghati, hii ni saizi yako kabisa," alisema, kwa upendo tu.

Nilimshukuru, nikampa chai na mihogo. Alipoondoka nikachukua mkasi, nikaikata fulana vipande vinne, na tangu siku hiyo naidekia jikoni. Inafyonza maji vizuri, sifa hiyo siwezi kuinyima.

Msinione mkorofi. Sisi watu wa Tarime tumeshaitwa wakorofi vya kutosha. Ila mbegu ya hasira hii ilipandwa nikiwa darasa la tatu, na ningependa niwaeleze nyinyi, maana nyumbani nikianza kuisema wananiambia nimesoma sana.

Nilizaliwa upande wa Itiryo. Jina la senta yetu sitalitaja, kwa sababu waliohusika wengine bado wako hai na tunasalimiana. Nyumbani tulikuwa watatu: Bibi, mama na mimi. Bibi yangu, Wankuru, alizaa mabinti watupu, wakaolewa wakaondoka. Mume wake alipokufa, Bibi alifanya kama mila yetu ya Kikurya inavyoruhusu. Alitoa ng'ombe wake mwenyewe akamwoa mama yangu, Robi, ili mji wake usizimike. Sisi tunaiita nyumba ntobhu. Mama akanizaa mimi, Bibi akanipa jina na ukoo. Mwanaume aliyehusika sikumjua, na hakuna aliyemtaja kwetu, kama vile mtu asivyomtaja fundi aliyepiga bati nyumba ikishakamilika.

Sikujua kwamba nimepungukiwa na kitu mpaka nilipoanza shule. Mwalimu aliuliza, "Ghati, baba yako nani?" Nikajibu kwa sauti kubwa, "Bibi!" Darasa likacheka mpaka mwalimu naye akageukia ubao. Kuanzia siku hiyo nikiulizwa habari za baba, nilijifanya nimeangusha penseli.

Bibi alikuwa mrefu na mkavu, ananukia moshi na samli. Miguu yake ilikuwa na nyufa ambazo niliweza kuingiza kidole. Alilima, alikamua, na alitibu ng'ombe wa watu. Alikuwa na msemo wake: "Jembe halimuulizi mtu kama ni mume au mke."

Nikiwa darasa la tatu barabara yetu ilichongwa, na malori ya kwenda mpakani Sirari yakaanza kupita. Kila senta njiani ikataka bango lenye maneno ya kujisifu. Wanaume wa kwetu wakaunda kamati. Walikaa siku nne kwenye baraza la duka wakibishana waandike nini. Katika siku hizo hizo nne, akina mama walikuwa wakipandisha mawe ya msingi wa bango kutoka mtoni, kichwani. Mama alibeba. Hata mimi nilibeba jiwe langu, la ukubwa wa boga, na nilijisikia mtu mzima.

Mwenyekiti wa kamati, mzee Mwita, alikuja nyumbani na wenzake wawili.

"Shikamoo mama. Tunazindua bango Jumamosi, tunaomba utukumbuke kwa kitoweo. Zizi lako tunalijua."

Bibi hakusitasita. Akawapa dume jekundu alilolilea tangu ndama.

Jumamosi ilikuwa siku ya mnada. Nyama ikachomwa, kichuri, ule mchuzi mchungu wa matumbo, kikachemka, muziki ukalia kwenye spika. Mwita akavuta kitambaa, watu wakapiga vigelegele. Bibi hakujua kusoma. Aliniinamia akaninong'oneza, "Soma, mjukuu wangu. Dume langu limekuwa maneno gani?"

Nikasoma kwa mbwembwe za mtoto aliyeshika nafasi ya pili darasani: "Ka-ri-bu-ni. Nchi ya Wanaume."

"Soma tena. Polepole."

Nikasoma tena. Bibi akajinyoosha, akapenya katikati ya watu mpaka mbele. Nilimfuata nimeshika kitenge chake.

"Mwita. Haya mawe yalibebwa na nani?"

"Na akina mama, mama."

"Na nyama iliyo mdomoni mwako?"

"Ni ya kwako, mama. Tunashukuru sana."

"Sasa hiyo nchi mliyoandika, mimi naishi upande gani wake?"

Mwita hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi. Alicheka vizuri, akaushika mkono wa Bibi, akaunyanyua juu kama wa bondia aliyeshinda, akasema kwenye kipaza sauti:

"Ndugu zangu, huyu mama nani hamjui? Huyu alioa! Ana zizi kutuzidi wengi wetu hapa! Mama Wankuru, wewe usijihesabu na wanawake. Wewe ni mwanaume!"

Makofi yalilipuka. Na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote nilikuwa mimi. Niliruka juu. Sasa na sisi tulikuwa na mwanaume nyumbani, ametangazwa kwa spika, na watoto wa darasa la tatu wote wamesikia.

Bibi alivuta mkono wake taratibu. "Mimi nimezaa mabinti watano, wawili nimewazika," alisema. "Nimelima na mimba tumboni. Usininyang'anye hayo, Mwita." Lakini muziki ulikuwa umeshafunguliwa. Tuliosikia ni sisi tuliokuwa karibu, na mimi sikuelewa ananyang'anywa nini. Nilidhani amepewa.

Mnada uliofuata, mchana kweupe, Bibi na mama walibeba beseni la kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu, kile kile cha kusiriba kuta. Wakalisiriba bango zima. Hawakulirushia kwa hasira. Walilipaka kwa viganja, kwa ustadi, wakilainisha kingo. Hakuna aliyewazuia. Nani atamkamata mwanamke mwenye kinyesi mpaka viwikoni? Mama mmoja muuza dagaa alicheka mpaka akakaa chini. Wanawake wengine walitazama pembeni, wakarudi kwenye nyanya zao.

Wazee wa mila wakamwita Bibi. Wakaamua atoe mbuzi, kisha aoshe bango mbele ya watu.

"Mbuzi nitatoa," Bibi alisema. "Kuosha sioshi."

Wakamgeukia mama. Mama, ambaye kwa kawaida alisema maneno kumi kwa siku, alisema, "Na mimi sioshi."

Basi bango likakaa hivyo, linakauka na kupasuka juani, na shuleni nikapewa jina la Mtoto wa Mavi. Nilivumilia Jumatatu mpaka Jumatano. Alhamisi, baada ya vipindi, nikachukua ndoo na brashi ya shule, nikateka maji mtoni, nikapanda juu ya mawe, nikaosha. Kinyesi kikikauka ni kigumu kama saruji. Nilikikwangua kwa kucha, herufi moja moja, mpaka vidole vikatoa damu. Sikutumwa. Naomba mnisikie hapo: hakuna aliyenituma.

Mwita akatoka dukani. "Tazameni! Huyu ndiye mtoto wa Nchi ya Wanaume!" Akaninunulia soda ya chungwa, ya kwanza maishani mwangu niliyokunywa peke yangu bila kugawana. Nilikaa juu ya mawe chini ya bango nikiinywa, miguu inaning'inia, na ilikuwa tamu.

Ndipo Bibi akatokea, anarudisha ng'ombe kutoka kunywa maji. Akasimama. Ng'ombe wakampita. Akaitazama ndoo, brashi, chupa, kisha vidole vyangu. Nilingoja fimbo.

"Umechoka?" aliuliza.

"Ndiyo, Bibi."

"Maliza soda yako, twende nyumbani."

Tulitembea nyuma ya ng'ombe. Usiku mama alinipaka samli vidoleni. Bibi alitoa mbuzi wake. Hakuligusa bango tena, na hakuwahi kunikumbusha.

Alifariki nikiwa chuo cha ualimu. Kaburini msemaji alisema tumempoteza mwanaume wa kweli, watu wakaitikia. Mama aliinama. Mimi nilikasirika, ila kwa kweli sikuwa bado najua nakasirikia nini.

Nilikuja kujua miaka mingi baadaye, katika shule ninayofundisha. Wanafunzi wa kiume waligombana kwa mawe, walimu wakajifungia ofisini, mimi nikaenda katikati yao nikawatenganisha. Katika kikao mkuu wa shule alisimama: "Mwalimu Ghati si mwanamke. Ni mwanaume huyu!" Wote wakapiga makofi. Pembeni yangu alikaa Mwalimu Neema, mjamzito wa miezi saba, ambaye ndiye aliyefunga majeraha ya wale vijana siku nzima. Naye alipiga makofi, akitazama mezani.

Hapo ndipo nilipoelewa. Bibi hakukasirika kwa sababu walimwacha nje. Alikasirika kwa sababu walimwingiza peke yake, na ili aingie ilibidi amwache mama nje, na mabinti zake, na muuza dagaa, na mimi niliyekuwa nimeshika kitenge chake. Nami ndiye niliyepiga makofi kuliko wote.

Nilisimama nikamwambia mkuu kwamba mimi ni mwanamke, na kwamba Neema pia ni mwanamke, na kazi ya siku ile ilifanywa na sisi wawili. Akacheka, akadhani natania. Sikuwa natania. Lakini nitawaambia na lile nisilomwambia yeyote kikaoni: alipolitamka lile neno, kabla hasira haijanifikia, nilikuwa nimeshatabasamu.