Marahaba kwenye Simu ya Jirani

Jana fundi wa intaneti kaja kunifungia kisanduku sebuleni. Taa zikaanza kupepesa, mwanangu akashangilia, fundi akaniambia nijaribu spidi. Mimi nikaenda jikoni kulia. Usinicheke, rafiki yangu, kaa nikuhadithie.

Nimekulia Mingoyo kwa bibi, mama yake mama yangu, enzi zile biashara zimefunguliwa na kila mwenye mifuko miwili ya korosho anajiona tajiri. Jirani yetu, mnunuzi wa korosho, ndiye pekee mtaani aliyekuwa na simu ya mezani, na namba yake ilikuwa namba yetu sote. Kila Ijumaa baada ya swala kina mama walikaa barazani kwake kungoja kupigiwa, huyu na mwanawe wa Mtwara, yule na mumewe wa Unguja. Mikono mitupu hakuna. Bibi alibeba mihogo ya nazi kwenye bakuli la bati, mimi birika la chai ya mchaichai, likiniunguza paja njia nzima.

Mama alikuwa amelazwa Dar es Salaam, tumbo. Ijumaa moja akamwambia Bibi kwamba Ijumaa ijayo atapasuliwa, na atapiga kwanza aongee na mimi. Wiki nzima nilikuwa najifunza nitakachomwambia, nikipura choroko, nikifagia uwanja.

Katikati ya wiki ile jirani akaleta kompyuta. Intaneti nyumbani, weee! Ilipita kwenye waya uleule wa simu, na ikiwa imefunguliwa, simu haiingii. Anwani yake ya barua pepe akaiandika kwa rangi mlangoni, akatuambia watu wetu waandike, habari za kupigapiga zimekwisha. Bibi akamtuma dereva wa basi aipeleke kwa shangazi aliyekuwa akimuuguza mama.

Ijumaa ikafika. Ndani, kijana wa jirani alikuwa anachati na wasichana asiowajua. Bibi akabisha hodi.

"Baba, nakuomba ufunge kidogo. Leo binti yangu anapiga."

Jirani akawakonyeza waliokaa. "Mbona yuko hewani, Bibi! Njoo, huyu hapa." Akampa mkono wa simu.

Ukiinua simu wakati intaneti inaendelea, ilikuwa inalia kriii, kama bati linakwaruzwa. Bibi alijua kitu kimoja tu, kwamba mtoto akipiga huanza na shikamoo. Basi akaitikia.

"Marahaba, mwanangu! Marahaba! Sikusikii vizuri, mama. Mtoto wako huyu hapa!"

Baraza zima likaangua kicheko, hata wale waliokuwa wakingoja watoto wao. Kijana akafoka kuwa mtandao umekatika, akampokonya simu, akaunganisha upya. Bibi akarudi kukaa pembeni yangu. "Anaumwa," akaninong'oneza, "sauti imemharibika kabisa."

Jumapili jirani akaja kwetu na karatasi, akasoma amesimama. Mama hakuamka. Shangazi aliandika kwamba Ijumaa mama alishika simu ya wauguzi mpaka wakaja kumchukua, na kila akipiga, laini inatumika.

Jirani akakunja karatasi. "Pole, Bibi. Lakini unaona? Kaandika leo, imefika leo leo. Kwa posta ungesubiri mpaka lini?"

Bibi akamwambia asante, akaniagiza nimmiminie chai. Nikammiminia. Akanywa, akasifu mchaichai, mshenzi yule.

Baraza lile halipo tena. Nguzo za simu ziling'olewa, na siku hizi hakuna anayembembeleza mtu amfungulie laini. Bibi alikufa akiapa kwamba aliongea na mwanawe na kwamba aliamkiwa. Sikumbishia.

Jana usiku mwanangu akaniuliza kama kuna mtu nataka nimpigie kwa video, maana sasa inakwenda kasi. Nikamwambia hakuna. Yale niliyojifunza wiki ile nayajua yote mpaka leo, neno kwa neno.