Mshipi Mkononi

Juzi nilimwona mjukuu wangu amejifunga kamba ya mbuzi mkononi, nikakaa chini.

Nilikumbuka ziwa letu kule nyuma ya kijiji cha Adu, matope yakinuka kama chungu cha juzi. Shule niliiacha mapema mimi, kazi yangu ilikuwa kuchimba nyungunyungu wa chambo. Aliyenifunza kuvua ni shangazi yangu Mbeyu, na ulimi wake ulikuwa mkali.

“Kadzo, mshipi ushike kwa vidole. Usijifunge nao, we si mti.”

Nilidhani ananionea choyo. Ndoano tulikuwa nayo moja tu, nikaogopa kuipoteza, basi nikaufunga mkononi kisirisiri. Kambare akanasa. Nikiwa namvuta, mshipi ukakaza, nikaburutwa mpaka maji yakanifika kifuani. Shangazi akaja mbio na kisu, akaukata.

Nikalia. “Samaki mkubwa vile umemwacha.”

“Alikuwa mkubwa mno kwa sufuria yetu,” akasema, huku akinivuta mbali na maji.

Nilimnunia siku tatu. Mamba aliyemdaka yule kambare sikumwona. Shangazi alimwona, na hakuniambia mpaka nilipokuwa mtu mzima, kwa sababu kesho yake ilibidi turudi pale pale na ndoano ya kuazima. Nyumbani hakukuwa na kitoweo kingine.