Nalea Watoto Kutwa

Bango langu halikumaliza siku mbili kabla ya kuchafuliwa. Nililiandika mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi ya manila, nikamwomba mwenye duka karibu na maegesho ya malori pale Mikumi, kwa adabu zote, nikalibandika ukutani kwake. NALEA WATOTO KUTWA. MSAFI, MVUMILIVU, NINA UZOEFU. MLANGO WA BLUU NYUMA YA GESTI. Kesho yake jioni nilipopita, mtu alikuwa ameongeza maneno chini kwa mkaa: WAKO YUKO WAPI?

Wangu alikuwa Ulaya. Si ile ya kwenda kwa ndege. Ulaya yetu ya Kilosa, kwa bibi yake mzaa baba. Nilimwacha huko hajatimiza mwaka nikaenda Morogoro kuwa dada wa kazi, na kwa miaka minne nikalea watoto wa watu. Niliwaogesha, nikawalisha, nikawafundisha kusema shikamoo. Wangu akafundishwa na bibi yake. Baba yake alikuwa utingo. Alifuata lori mpaka Tunduma na huko akapata mke mwingine, sina la zaidi la kumsema. Watoto wa tajiri wangu walipopelekwa shule ya bweni, kazi ikaisha. Nikaenda moja kwa moja Ulaya kumchukua mwanangu.

Mama mkwe hakunipa hata kigoda. "Utamlisha maneno?" akaniuliza. "Nenda katafute kazi ya kuonekana na watu. Siku hiyo uje, nguo zake nitazifunga mwenyewe."

Hayo ndiyo yaliyonifanya nirudi kwetu Mikumi nijinadi. Nilitaka habari zimfikie mama mkwe kwamba Mikumi kuna wanawake wanaoniamini na watoto wao, ili na yeye aniamini na mtoto wangu mwenyewe. Jambo la aibu hilo, kuomba kuaminiwa na damu yako, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Na kazi ilikuwepo, mtu asiniambie haikuwepo. Pita barabara kuu asubuhi uone mama lishe wanavyosonga ugali wa madereva na mtoto mgongoni, moshi unamwingia machoni. Wafagiaji wa gesti wanawalaza wanao juu ya mafungu ya mashuka machafu. Niliwapitia mmoja mmoja. Nilivaa gauni langu la kitenge, nikajifunga kilemba, nikawaamkia wakubwa, nikajieleza. Mmoja, bila hata kuacha kumenya viazi, akaniambia: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mwingine, mama mtu mzima, aliitikia marahaba yake vizuri kabisa, halafu akanigeuzia kisogo. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," akasema. "Wako umemtupa, wetu utawaweza?"

Nilicheka pamoja nao. Kwa kicheko kile najichukia mpaka leo.

Ndipo nikafanya kosa. Niliwaza kwamba siku ya kliniki kina mama wote huwa mahali pamoja, na mwenye kutafuta watoto atawapata wapi zaidi ya pale? Nikaenda zahanati asubuhi mapema. Foleni ilikuwa ndefu, kadi mikononi, mizani imening'inizwa kwenye boriti ya baraza. Nikaanza kuwasaidia kuwavua watoto nguo na kuwavisha, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi, wanawake wakawa wananiambia asante. Mambo yalikuwa yananinyookea. Kisha akaja mikononi mwangu mtoto wa miezi saba wa mama mmoja muuza chapati.

"Jamani, mtoto mzito huyu!" nikasema, kwa sauti, ili wote wasikie jinsi ninavyopenda watoto. "Amenona! Hebu oneni mapaja!"

Foleni nzima ikanigeukia. Kwetu mtoto wa mwenzio humsifii uzito. Ukimpakata na mikono ikakulegea, unasema "kabaya haka," au unafunga mdomo wako. Anayesifu ovyo ana jicho. Mimi nimekua nikijua hivyo. Mama yangu alinichora wanja wa kukinga jicho kwenye paji la uso mpaka nilipoota meno. Lakini tajiri wangu wa Morogoro alipenda wanawe wasifiwe asubuhi na jioni, na miaka minne ya kusifu kwa mshahara ilikuwa imenilegeza ulimi. Nikaongeza "mashallah" haraka haraka, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Muuza chapati akamtwaa mwanawe mikononi mwangu.

Siku ya tatu mtoto akaanza kuharisha. Mvua zilikuwa zimeanza, na kila mvua zikianza maji ya visima huchafuka na watoto wakaharisha. Kila mtu anajua hilo. Mwaka huo hakuna aliyekumbuka visima, kwa sababu mwenye kosa alikuwa ameshapatikana, na alikuwa na bango lenye kuelekeza mlango wake.

Walikuja saa nne asubuhi, wanawake watano, yule mama mbele na mtoto begani. Mtoto mwenyewe karibu nisimtambue. Macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka.

"Mtemee mate," mama yake akasema.

Ndiyo dawa inayojulikana: mwenye jicho akimtemea mtoto mate kidogo usoni, ubaya unarudi ulikotoka.

"Mpeleke zahanati, dada," nikasema. "Mtoto amekaukiwa maji huyu."

"Mtemee kwanza."

"Mimi sina jicho."

"Kama huna," akadakia yule wa viazi, "mate yako unayabania nini?"

Nikasimama pale mlangoni. Nikitema nimekiri, na mwenye jicho haachiwi mtoto hata wa kumshikia kwa dakika moja. Habari zingefika Ulaya kabla ya jua kuzama, na mama mkwe angekuwa amepata alichokitaka. Nisipotema, wangesimama wakibishana nami mpaka mtoto afie mikononi mwao. Niliwachukia wote watano. Nilimchukia mama yake kuliko wote, kwamba alikuwa tayari mwanawe akauke ilimradi mimi nionekane mchawi. Najua si haki kusema hivyo. Lakini ndivyo nilivyohisi na sioni sababu ya kudanganya.

Nikatema. Kisha nikamshika mama yake mkono nikamvuta mpaka zahanati, na sikutoka pale mpaka mtoto alipoanza kunyweshwa maji ya dawa kwa kijiko. Kufikia jioni alikuwa analia kwa nguvu na anataka ziwa.

Waliyasifu mate. Muuguzi aliyeshika kijiko saa nzima hakuna aliyemtaja. Na tangu siku ile mlango wangu wa bluu haukukosa watoto. Mara huyu ana homa, mara yule ana upele, mara mwingine kakataa kunyonya. "Mtemee tu, dada, labda ulimwona ukipita." Natema. Wanamfunika mtoto khanga usoni na kuondoka mbio, hata "karibu" yangu hawaingoji. Nilikuwa nimetafuta watoto na watoto nikawapata, asubuhi na alasiri, na hakuna hata mmoja aliyeachwa kwangu.

Siku ya gulio nikaenda Ulaya. Nilimchukulia mwanangu ndala nyekundu. Mama mkwe alikuwa uani anapepeta mahindi.

"Shikamoo, mama."

Akaendelea kupepeta. Nikarudia kumwamkia. Mkubwa asipoitikia shikamoo amekwisha kukwambia kila kitu, na mimi nilisimama na ndala zangu mkononi nikielewa.

Mtoto akatokea nyuma ya jiko. Alikuwa amerefuka. Na katikati ya paji la uso alikuwa na doa jeusi la wanja, bado linang'aa, la asubuhi ileile. Wanja huchorwa wachanga. Huyu alikuwa na miaka mitano, anajua jina lake na jina langu. Akasimama mbali, akatazama miguu yangu.

"Bibi kasema nisikuangalie," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alinieleza tu, kama anayemweleza mgeni mbwa amelala wapi.

Nilitaka kulia, hasira ikawahi. Nikachuchumaa, nikamwita. Akaja, uso chini. Nikalamba kidole gumba nikamfuta lile doa, nikalamba tena nikafuta, maana walikuwa wamelichanganya na mafuta na lilikuwa gumu kutoka.

Mama mkwe akaangusha ungo. "Umempaka mtoto mate!"

"Ndiyo," nikamwambia. "Si mnasema ndiyo dawa?"

Nikamvalisha ndala. Sikuwa na kazi ya kuonekana na watu, na sikungoja nguo zifungwe. Nikamshika mkono tukapita mbele ya bibi yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikampita mkubwa bila kumuaga. Tulipofika barabarani, tukisubiri usafiri wa Mikumi, nikamwambia aniangalie.

Akafumba macho yote mawili, akakaza. Halafu akafungua moja.