Bangili za Waya wa Ethi

Enzi zetu pale Kisugu, friji ilikuwa inauma. Usicheke, kama ulikulia nyumba za kupanga unajua ninachosema. Ukigusa mlango wake bila sapatu miguuni, mkono mzima unasisimka mpaka begani. Sisi watoto tuliigeuza mchezo: tunashikana mikono, mmoja anaigusa, wote tunaruka na kucheka kwa woga. Mama, mwenyeji wa Bukavu, aliuza juisi ya tangawizi kutoka friji hiyo hiyo, na kila siku alitupigia kelele, "Muvae sapatu! Iko siku itawaua!"

Baba alikuwa fundi vyuma Katwe. Jumamosi moja alirudi na chuma kirefu, akakipigilia ardhini nyuma ya jikoni, akavuta waya wa shaba kutoka kwenye bati la friji mpaka pale. Mafundi huuita ethi. Umeme ukivuja, alitueleza, uende ardhini, usipite kwa mtu. Friji ikatulia. Kazi yangu mimi, kifungua mimba, ikawa kumwagia pale maji ya kuoshea vyombo wakati wa kiangazi, maana udongo ukikauka sana ethi haifanyi kazi vizuri. Harufu yake ninayo mpaka leo: sabuni na sombe, yale majani ya muhogo aliyopika Mama.

Nilikuwa na miaka tisa na nilipenda kung'aa. Wasichana wenzangu walikuwa na bangili. Mimi nilikuwa na koleo la Baba. Nikakata kipande cha ule waya, nikasuka bangili mbili, nikazivaa nikizificha ndani ya mkono wa sweta ya shule. Siku ya tatu Mama alipiga deki, akafungua friji miguu mitupu, kwa kuwa alishaiamini. Nilisikia chupa zikipasuka. Nilimkuta sakafuni, macho wazi, hasemi kitu. Mungu wangu, nilidhani nimemuua. Alipopata sauti aliomba maji. Baba alifunga waya mwingine huku akiwalaani wakusanya vyuma chakavu kwa wizi. Bangili nilizitupa chooni.

Leo ninakaa Kansanga, kwenye fleti ambayo ethi imefichwa ukutani na hakuna anayeimwagia maji. Watoto wangu hawajui hata iko wapi. Wanachokonoa tundu la juu la soketi, lile la ethi, kwa kalamu ili chaja ya pini mbili iingie, halafu wananiambia niache ushamba. Mama akija kututembelea bado anatafuta sapatu kabla ya kugusa friji. Juzi nilimtazama akizitafuta, mgongo umeinama, nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia ni mimi niliyekata ule waya.

"Nilijuaka," akasema, akivaa sapatu. "Mukono yako ilikuwa kijani ya shaba wiki muzima. Ulizani Mama hana macho?"

"Sasa mbona hukunichapa?"

"Toka siku ile ulikuwa unamwanga maji pale kila siku, hata mvua ikinyesha. Ningekuchapa ya nini tena?"